Samaki Anayelala Udongoni na Figo Zako

(Mazungumzo na wanafunzi wa sekondari, Ngerengere)

Leo sikuja kuzungumzia UKIMWI, hilo mmeshalisikia sana. Nimekuja na habari za konokono.

Nani hajamwona konokono wa kiangazi hapa Ngerengere? Majani yamekauka, unamkuta amejibana kwenye shina la mti, mlango wa gamba ameuziba kwa utando mkavu wa ute wake mwenyewe. Unadhani amekufa, kumbe amelala. Hali, hanywi, na mwili wake unatumia nguvu kidogo sana mpaka mvua zirudi. Wanyama wa nchi za baridi hulala namna hii kukwepa barafu. Wa kwetu hukwepa ukame.

Sasa, bingwa wa usingizi huo Afrika Mashariki ni samaki. Waliotoka Mwanza au Musoma wanamjua: kamongo. Ana mapafu, anavuta hewa kama mimi na wewe. Bwawa likikauka anachimba tope, anajikunja, na ute wake unakauka na kumzunguka kama mfuko, anabakiza tundu la kupumulia tu. Katika maabara kamongo wameishi hivyo zaidi ya miaka mitatu!

Mwaka 1928 mtaalamu wa figo kutoka Marekani, Homer Smith, alisafiri hadi Ziwa Victoria kumtafuta samaki huyu, na mwaka 1932 akatoa kitabu alichokiita Kamongo. Mtu wa figo anatafuta nini kwa samaki? Fikirini. Mwili ukitumia protini unabaki na uchafu wenye sumu. Kamongo akiwa majini huutoa zaidi kama amonia, maji yanauchukua. Akiwa udongoni hana maji ya kupoteza, kwa hiyo hakojoi kabisa. Amonia anaigeuza kuwa urea, ndiyo, urea hiyohiyo ya mfuko wa mbolea, ambayo sumu yake ni ndogo, akaiweka mwilini. Mvua ikinyesha anaamka, figo zinaanza kazi, anaitoa.

Sisi hatuwezi. Figo za mtu zikisimama, uchafu hujaa kwenye damu, mwili huvimba, na asipotibiwa hufa. Nina shangazi anayeunganishwa na mashine ya kusafisha damu mara tatu kwa wiki, kama saa 4 kila mara. Nauli peke yake imetuchosha ndugu wote. Muhimbili walianza kupandikiza figo mwaka 2017, lakini lazima apatikane mtu wa kutoa figo. Ndiyo maana nikisoma juu ya samaki ambaye figo zake hunyamaza muda wote huo kisha zinaamka nzima, sisomi kama hadithi. Watafiti wanataka kujua zinajilindaje. Dawa bado haijapatikana, msidanganywe.

Kwa dubu wamesogea kidogo. Mtu aliyevunjika mguu akilala kitandani wiki nyingi, damu inaweza kuganda kwenye mishipa, bonge likapanda hadi mapafuni na kumuua. Dubu hulala miezi na hagandi damu. Utafiti uliotolewa mwaka 2023 ulionyesha kwamba akilala, protini moja iitwayo HSP47 hupungua sana kwenye chembe za kugandisha damu. Ajabu ni kwamba watu waliopooza muda mrefu kwa kuumia uti wa mgongo nao imepungua vilevile. Huenda hapo itatoka dawa.

Mwanafunzi mmoja aliniuliza: basi dada, tukila kamongo figo zitapona? Hapana. Tumboni ni kitoweo kama sato. Kwa figo ulizo nazo leo, usimeze vidonge vya maumivu kila siku bila kumwona mganga wa zahanati, na mzazi mwenye presha au kisukari mkumbushe kwenda kupima. Ukiamka uso umevimba, au mkojo umepungua au una damu, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo, usione aibu. Damu hiyo inaweza kuwa kichocho tu, nacho dawa yake ipo.