Tumaini la Wokovu kwa Wote na Mahubiri ya Msibani Mkoani Katavi
Mada kwa semina ya makatekista, wainjilisti na wachungaji, Mpanda



Nimeombwa nianze na maana. Fundisho la wokovu wa wote linasema kwamba hatimaye Mungu atawarejesha kwake watu wote. Origeni wa Aleksandria alilitafakari katika karne ya 3, Gregori wa Nisa akalishika karne iliyofuata, Augustino akalipinga. Karne ya 20 Hans Urs von Balthasar aliuliza kama tunaruhusiwa walau kutumaini hivyo, akisisitiza kwamba mwenye kutumaini hadai kuwa anajua. Maandiko yanayovutana mnayafahamu: Mathayo 25 upande huu, 1 Timotheo 2:4 na Wakolosai 1:20 upande ule.

Huku kwetu swali hili huulizwa msibani. Mzee amefariki, hakubatizwa, au alibatizwa akaoa mke wa pili na kutengwa. Mhubiri anasimama mbele ya jeneza, wajane wameketi chini, anawatangazia kwamba marehemu yuko motoni ili waliobaki waogope na kuokoka. Naheshimu utaratibu wa maziko wa kila dhehebu, na sina nia ya kumhukumu mtumishi yeyote. Lakini jambo hili nimelisema vikaoni kwa miaka mingi, na kila mara najibiwa kwamba mhubiri alikuwa anaamsha watu. Anaamsha nini kwa mtoto ambaye hata udongo wa kaburi la baba yake haujakauka?

Kanisa Katoliki limewatangaza watakatifu wengi, lakini halijapata kumtaja mtu hata mmoja kwa jina kwamba yuko Jehanamu. Mamlaka hayo mwinjilisti wa kijijini ameyatoa wapi?

Tukumbuke Karema. Wamisionari Wakatoliki waitwao Mapadre Weupe walikabidhiwa ngome ya huko mwaka 1885. Wafipa, Wabende na Wapimbwe waliozikwa kabla ya hapo hawakuwa na namna ya kuisikia Injili. Hata baada ya hapo, mwanzilishi wao, Kardinali Lavigerie, aliagiza ukatekumeni wa miaka minne, na aliyekuwa mahututi akabatizwa bila kungoja. Wamisionari wale walijali sana ubatizo, lakini hawakufanya kanuni yao kuwa mpaka wa huruma ya Mungu. Mwaka 1964 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitamka kwamba asiyeijua Injili bila kosa lake, akamtafuta Mungu kwa moyo mnyofu, anaweza kuokolewa. Iweje leo mjukuu aambiwe kwamba ukoo wake wote umepotea?

Hata hivyo, nawaonya pia wanaokimbilia upande wa pili. Chukueni makazi ya wakimbizi ya Katumba, yaliyoanzishwa kwa ajili ya Warundi waliokimbia mauaji ya 1972 nchini kwao. Makazi ya Mishamo yakafuata mwishoni mwa muongo huo. Mjane wa kule akiuliza kama aliyemuulia mume ataingia naye mbinguni, ukimjibu harakaharaka kwamba wote wataingia, umemwongezea jeraha. Gregori mwenyewe hakuufuta moto. Aliuona kuwa wa kutakasa, wenye maumivu, na uovu hauvuki ukiwa mzima. Anayetumaini wokovu wa muuaji lazima aseme kwamba muuaji huyo atasimama mbele ya aliowaua. Tumaini lisilosema hivyo mimi silihubiri.

Napendekeza basi kwamba mahubiri ya msibani yasitaje hatima ya marehemu, awe mwema au mbaya. Marehemu akabidhiwe kwa Mungu. Wazee wa kanisa na viongozi wa jumuiya ndogondogo wamwone mhubiri kabla ya ibada, wala wasisubiri malalamiko ya wafiwa. Makatekista wafundishwe waraka wa Vatikano wa 2007 kuhusu tumaini la watoto wachanga wanaofariki bila ubatizo, kwa sababu akina mama wanauliza na wanajibiwa ovyo. Aliyetengwa asinyimwe sala kaburini. Wachungaji wa Katumba na Mishamo washirikishwe kuandaa mafundisho haya, maana wao wameyasikia maswali magumu kuliko sisi wa mjini. Toba iendelee kuhubiriwa kwa walio hai, Jumapili, kanisani. Na narudia lile la kwanza, kwa kuwa limeshapitishwa vikaoni na kusahauliwa: hatima ya marehemu isitajwe. Naomba safari hii liandikwe katika mwongozo wa maziko wa kila dhehebu lililowakilishwa hapa, na nakala imfikie kila mhubiri kijijini kabla ya masika, barabara zikiwa bado zinapitika.