Mariamu Alikaa Miezi Mitatu

Somo: Luka 1:36–56



Leo tumkumbuke mama aliye katika mwezi wa nane au wa tisa. Jioni anarudi kutoka soko la Kibuye, au kutoka ufuoni Dunga alikoanika omena, na viatu havimwingii. Miguu imevimba, mgongo unauma. Usiku kiungulia kinamwamsha, na akilala chali pumzi inambana. Nasi tukikutana naye kanisani twasema nini? "Vumilia, mama, sote tulipita huko."

Neno hilo tulimwambia dada mmoja wa ushirika wetu aliyelalamika kuumwa kichwa. Lakini mama mmoja mzee alimtazama vizuri, akaona uso na vidole vimevimba, akamwuliza kama anaona sawasawa. Dada akajibu kwamba anaona ukungu. Yule mzee hakungoja ibada iishe, alimpeleka hospitali. Damu ilikuwa imepanda sana. Leo dada yule na mtoto wake ni wazima. Twamshukuru Mungu, ila kwa aibu.

Wapendwa, Elisabeti alikuwa mzee, na mimba yake ilikuwa ya miezi sita, Mariamu alipofika kwake. Luka asema Mariamu alikaa huko kama miezi mitatu. Hesabuni wenyewe: ndiyo miezi ile mizito ya mwisho. Mariamu hakupita kusalimu tu, alikaa.

Basi nasi tukae. Tumtekee maji, tumbebee karai lake, tumpe kiti cha kuinulia miguu. Alale kwa ubavu, ale kidogo kidogo. Akina baba, msimwachie kuni na ndoo. Tena huku kwetu kando ya ziwa malaria ni nyingi: alale ndani ya chandarua, ahudhurie kliniki, ameze dawa ya kinga anayopewa huko.

Miguu kuvimba jioni ni jambo la kawaida. Lakini kichwa kikiuma sana, macho yakiona ukungu, uso ukivimba, damu ikitoka, au mtoto akiacha kucheza tumboni, tusiseme tena "vumilia". Twende naye hospitali saa ile ile.

Tuombe. Ee Bwana, uliyezaliwa na mwanamke, wahurumie mama zetu ambao siku zao zimekaribia. Utufanye majirani wa kukaa, si wa kupita. Amina.