Rangi ya sueta: jinsi tulivyopanga priseti zetu za video

Mazungumzo yaliyotolewa Goma mbele ya familia zilizohama makwao, viongozi wao na vijana wa kikundi cha video

Nimeombwa nizungumze juu ya rangi katika video. Najua wengine wenu mnajiuliza: watu hawajapata unga, na huyu anatuletea habari za rangi? Swali hilo ni la haki. Nitalijibu kwa kisa kimoja, halafu mtahukumu wenyewe.

Mwezi wa Novemba 2022 watu wengi kutoka Kibumba, Rugari na upande wa Rutshuru walikuwa wamefika Kanyaruchinya. Katika kukimbia, watoto walipotezana na wazazi. Kikundi chetu kilikuwa kinapiga video fupi za watoto hao, bila majina, na kuzionyesha kwa viongozi wa bloku peke yao, ili wao waende kuuliza hema kwa hema. Kulikuwa na mtoto mmoja wa kiume, mdogo sana, hakuweza kutaja jina la baba yake. Alivaa sueta ya kijani, kijani cha sombe iliyotwangwa. Mama yake, upande wa pili wa kambi, alikuwa anatafuta mtoto mwenye sueta ya kijani. Viongozi waliokwisha kuiona video yetu walimjibu kwamba mtoto waliyemwona ana sueta ya buluu iliyochakaa. Mama akapita. Zikapita siku nne, mpaka shangazi wa mtoto alipoisikia sauti yake kwenye simu ya kiongozi mmoja, akapiga kelele.

Nani aliibadilisha sueta? Ni sisi. Mhariri wetu alikuwa ameweka juu ya video ile priseti iliyoitwa «Huzuni 3», na mimi niliitazama nikasema ni nzuri. Mimi ndiye niliyeikubali, kwa hiyo kosa hili silimpi kijana yule.

Kwa wasioijua kazi hii: priseti ya rangi ni maagizo ambayo programu ya kuhariri imeyatunza. Badala ya kurekebisha mwanga na rangi upya kila mara, unabonyeza mara moja na maagizo yote yanaingia kwenye picha. «Huzuni 3» ilikuwa inapunguza nguvu ya rangi zote na kusukuma sehemu zenye kivuli kuelekea buluu. Kijani cha sombe hakikuwa na pa kukimbilia. Priseti haijui sueta wala haijui mama. Inafanya ilichoagizwa tu.

Tulipofungua kompyuta tukakuta priseti zaidi ya 100. Nyingine zilitoka kwenye intaneti, nyingine kwa rafiki wa rafiki, na majina yake yalikuwa aibu tupu: «Sinema mpya», «Sinema mpya ya kweli», «Jaribu hii». Hakuna aliyekumbuka ipi inafanya nini. Kijana anayehariri usiku, umeme ukiwa karibu kukatika, anachukua ya kwanza inayopendeza. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba fujo ya mafaili inaweza kumgusa mtu aliyelala hemani, asiyejua hata kama kompyuta hiyo ipo.

Kuna mzee mmoja, baadaye kule Bulengo, aliyetufundisha jambo lingine. Tulitengeneza filamu juu ya mgogoro wa maji kati ya waliohama na wenyeji. Kambi tuliipa rangi ya baridi, na mashamba ya wenyeji tukayapa rangi ya joto, ya jua la jioni. Hatukuwa na nia mbaya, tulidhani ndiyo sanaa. Mzee alitazama mpaka mwisho, akasema: «Sisi mmetupaka majivu, hawa mmewapaka mafuta. Halafu mnatuambia tupatane?» Filamu ile hatukuionyesha tena. Tuliirudisha kwenye kompyuta, tukaweka pande zote mbili katika mwanga mmoja.

Basi tulipangaje? Kwanza tulifuta. Priseti ambayo hakuna aliyeweza kuieleza kwa sentensi moja ya Kiswahili iliondoka. Zilizobaki tulizigawa katika mafolda mawili, na tofauti yake ni kubwa. Folda ya kwanza tuliiita «Kusahihisha»: ni priseti za kuirudisha picha karibu na jinsi macho yalivyoona. Ya pili ni «Mapambo»: za kuipa picha hisia. Video ya mtu aliyepotea, ushuhuda, au maelezo ya kiongozi haingii kamwe kwenye Mapambo. Wimbo wa vijana au mchezo wa kuigiza unaweza kuingia, na huko wajifurahishe.

Ndani ya «Kusahihisha» tulikataa kabisa kutaja watu. Hakuna priseti ya «wakimbizi», hakuna ya «wenyeji», hakuna ya kabila lolote. Majina yanafuata mwanga na mahali: «Hema jeupe, saa sita mchana», «Ndani, turubai la buluu», «Mawe meusi, jua kali», «Usiku, tochi ya simu». Goma ina shida zake. Mawe ya Nyiragongo, ya mwaka 2002 na ya 2021, ni meusi, na kamera inayojipima yenyewe ikiyaona inadhani ni giza, inaongeza mwanga kupita kiasi. Simamisha mtu yuleyule mbele ya hema jeupe, kamera inapunguza mwanga, na uso wake unazama. Ndani ya turubai la buluu ngozi ya kila mtu inakuwa kama ya mgonjwa. Kila hali ina dawa yake, na dawa ya moja ni sumu kwa nyingine.

Shida hii ya nyuso zetu si ya leo. Kwa miaka mingi katika karne ya 20, maabara za picha zilipima rangi kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mzungu, kadi zilizoitwa «Shirley». Ngozi nyeusi haikuwa kwenye kipimo. Inasemekana malalamiko ya watengenezaji wa chokoleti na samani za mbao yalisaidia kuifanya kampuni irekebishe filamu zake. Mbao zilisikilizwa haraka kuliko sisi! Kwa hiyo priseti iliyotengenezwa mbali, kwa nyuso nyingine, usiiamini mpaka umeijaribu juu ya uso wa hapa.

Tunajaribu hivi: mwanzoni mwa kila mahojiano tunapiga sekunde tano za karatasi nyeupe mkononi mwa mwenye kuhojiwa. Karatasi ikitoka nyeupe, sueta itatoka kijani. Kisha tunamwonyesha mwenyewe na kumwuliza kama huyo ni yeye.

Viongozi, sikilizeni hili hasa. Wengine huja kwetu wakisema: «Mnifanye mweusi kabisa, nisijulikane.» Giza la priseti si kificho. Mtu mwingine akiichukua video hiyo anaweza kuongeza mwanga tena na uso ukarudi. Mwenye kuhofia usalama wake tunampiga kwa mgongo, au mikono tu, na sauti tunampa mtu mwingine aisome. Hilo huamuliwa kabla ya kamera kuwashwa.

Kuhusu kutunza: wanaotumia DaVinci Resolve wajue kwamba mpangilio uliotunzwa kwenye albamu ya kawaida unabaki ndani ya mradi ule tu. Uweke kwenye albamu ya PowerGrade, utaukuta katika miradi yako mingine. Kisha utoe nje, upate faili lenye mwisho wa .drx, uliweke kwenye flashi. Wenye Premiere wanatoa priseti zao katika faili la .prfpset. Ni mafaili madogo, hayahitaji intaneti kusafiri.

Februari 2025, baada ya M23 kuuteka mji mwishoni mwa Januari, kambi nyingi zilizozunguka Goma zilibomolewa na watu wakaondoka kwa haraka. Kompyuta yetu hatukuiona tena. Flashi ilitoka imefungwa kwenye ncha ya kitenge cha mama mmoja wa kamati, pamoja na picha asilia ambazo hazijaguswa na priseti yoyote. Alikuwa na orodha ya majina ya priseti pia, kwa kalamu, kwenye daftari la shule. Tuliianza kazi upya kutoka hapo.

Sasa naomba tufunge madirisha. Nitawaonyesha vipande viwili vya sekunde kumi: mtu mmoja, mahali pamoja, priseti mbili. Mama zetu mlio mbele ndio mtakaotuambia kitenge chake kina rangi gani hasa, maana yeye mwenyewe amekaa hapa kati yenu, amekivaa.