Mawaidha ya Ramadhani: Nafasi ya Mama Msikitini

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Katika miaka ya 1990, hapa hapa Johannesburg, wanawake walikuwa wakisali tarawehe ghorofani katika msikiti wa Mtaa wa 23, Fietas. Usiku wa 27 wakakuta ghorofa imetwaliwa na wanaume, nao wamewekewa hema nje. Shamima Shaikh akawaongoza wenzake, wakapanda, wakasali. Alifariki tarehe 8 Januari 1998, ndani ya Ramadhani, akiwa na miaka 37. Mola amrehemu.

Huenda baadhi yetu watasema ile ilikuwa fitina. Lakini imepokewa katika Sahihi Bukhari kuwa mke wa Sayyidna Umar akihudhuria Isha na Alfajiri msikitini, ilhali mumewe alikuwa na wivu na hakupenda. Umar, pamoja na ukali wake wote (nanyi mnamjua), hakumzuia, kwa kuwa Mtume (s.a.w.) alikataza wanawake kuzuiwa misikiti. Ni kweli, zipo Hadithi zinazofadhilisha sala ya mwanamke nyumbani, nami nazipokea. Ila fadhila si katazo.

Sasa tujitazame. Futari ya ukumbi huu hupikwa na nani? Kisha darsa ikianza, wapishi hao hukaa chumba cha nyuma kisicho na spika. Jana mama mmoja aliniletea swali la zaka kwa kikaratasi, kwa mkono wa mwanawe, na jibu lake nilikwisha kulisoma nusu saa kabla. Niliona haya.

Basi vijana, kesho kabla ya Magharibi safu za nyuma za ukumbi ziwe zao, na kipaza sauti kimoja kiwekwe huko kwa maswali.

Wassalamu alaykum.