Kichwa cha Mtoto Mstarini: Malezi ya Familia za Kalasinga katika Ukanda wa Dhahabu

Mada kwa semina ya walimu wakuu, maofisa ustawi wa jamii na wazazi, Kahama

Maana, kwa ufupi

Waandaaji waliomba ufafanuzi wa maneno "familia", "malezi" na "jumuiya". Waliomo ukumbini wote wamelea au wanalea, na maofisa ustawi wa jamii wanaijua Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 kifungu kwa kifungu. Sehemu hii basi itapita mbio. Familia hapa ni baba, mama, watoto, na mara nyingi bibi mzaa baba, ambaye watoto humwita dadi na ambaye neno lake jikoni halijibiwi. Jumuiya ni watu wanaokutana gurudwara, yaani nyumba yao ya ibada, na kula pamoja wakiwa wameketi chini, tajiri kando ya dereva wake. Chakula hicho cha bure huitwa langari, na yeyote apitaye anakaribishwa, wa dini yoyote.

Dini ya Kalasinga, yaani Usikh, ilianzishwa Punjab na Guru Nanak, aliyezaliwa mwaka 1469. Mwaka 1699 Guru wa kumi, Gobind Singh, aliunda Khalsa, na anayeingia humo hutakiwa kushika alama tano: nywele zisizokatwa, kitana cha mbao, bangili ya chuma, kaptura ya ndani na kisu kifupi kiitwacho kirpani. Wanaume hupewa jina la Singh, wanawake Kaur. Si kila Kalasinga anashika yote. Wapo wanaonyoa na kubaki waumini, na hilo ni la kwao nyumbani.

Wengi wa kwanza waliletwa na reli. Ile ya kutoka Mombasa hadi Kisumu, iliyojengwa 1896 hadi 1901, ilitumia vibarua na mafundi zaidi ya 30,000 kutoka Bara Hindi, wengi wao Wapunjabi, na waliobaki baada ya kazi hawakufika 7,000. Kalasinga waliobaki walijulikana kwa nyundo, msumeno na spana. Walikuwa makanika wa reli, maseremala, makandarasi; kule Tanga kiwanda kimoja cha mbao kilibeba jina la Sikh Saw Mills. Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, alishinda mashindano ya magari ya Safari mara tatu, 1965, 1974 na 1976, na watu wa rika fulani ukumbini humu bado wanamtaja kila gari linapopita kwa kasi.

Kanda ya Ziwa nayo ilihitaji mafundi. Reli ya Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928 ikipitia Shinyanga, mgodi wa zamani wa Geita ulifunguliwa miaka ya 1930 na kufungwa 1966, na Mwadui ilianza kutoa almasi mwaka 1940. Kisha majumba yakataifishwa mwaka 1971, na mwaka uliofuata Idi Amin akawafukuza Waasia Uganda. Ng'ambo ya ziwa huku pia watu walifunga mizigo, wakaelekea Uingereza na Kanada. Dhahabu imerudisha baadhi na kuleta wapya: Geita ilifunguliwa upya mwaka 2000, Bulyanhulu mwaka uliofuata, Buzwagi mwaka 2009. Familia ambazo mtoa mada amekutana nazo ni watu wa malori, karakana na mitambo mizito, zimetawanyika moja hapa, mbili kule.

Asubuhi moja, Jumapili moja

Kutawanyika huko ndiko kunakobadili malezi. Mtoto wa Kalasinga aliyekulia Nairobi au Dar es Salaam ana majirani wa imani yake, darasa la Kipunjabi na wenzake wa kucheza nao mpira wa magongo. Wa Geita ana dadi tu, na pengine dadi mwenyewe yuko kwenye simu. Atamsalimia muuza maziwa "mwangaluka" kwa lafudhi safi ya Kisukuma, atacheza kwa Kiswahili, atasali kwa Kipunjabi, atafanya mtihani kwa Kiingereza. Hakuna tatizo hapo. Watoto wa ukanda huu wote wana lugha tatu.

Saa kumi na moja alfajiri, kabla ya chai, ndiyo saa ya nywele. Mtoto huketi sakafuni kati ya magoti ya mama au bibi. Nywele hupakwa mafuta, huchanwa, husukwa, hufungwa fundo juu ya utosi, kisha kitambaa kidogo kiitwacho patka hufungwa juu yake. Wakati huo ndipo sala ya asubuhi inapofundishwa, na habari za babu aliyefunga vyuma vya reli, na maswali ya jana shuleni. Jioni fundo hufunguliwa, nywele huchanwa tena. Mzazi asiyepata nafasi ya kuzungumza na mtoto wake mchana kutwa huipata hapo. Akifikia umri wa kujifunga kilemba kamili, familia hufanya sherehe, na anayemfunga kwa kawaida ni babu au mjomba.

Jumapili, wakiweza, huenda gurudwara Mwanza. Kutoka Shinyanga ni kama kilomita 160. Kutoka Geita njia ni fupi zaidi, lakini kwa miaka mingi foleni ya kivuko cha Busisi iliweza kula asubuhi yote, mtoto akafika vyombo vya langari vinaoshwa. Tangu Juni 2025, Daraja la J.P. Magufuli lenye urefu wa kama kilomita tatu limeondoa kisingizio hicho. Watoto hupangiwa kazi huko: kupanga viatu mlangoni, kugawa maji, kusugua sufuria. Tajiri mwenye malori kumi akimwona mwanawe akipangusa viatu vya utingo wake, hufurahi.

Nywele

Sasa jambo lenyewe.

Shule zetu za umma zina desturi ya muda mrefu: mwanafunzi, wa kike au wa kiume, ananyoa au anakata nywele fupi sana. Sababu zake zinaeleweka na mtoa mada hazidharau. Mapunye huambukiza, chawa hawachagui dawati, na mitindo ya nywele huonyesha nani ana fedha na nani hana. Mwalimu mwenye watoto mia darasani hawezi kukagua mafuta ya kila mmoja. Ukaguzi wa Jumatatu mstarini ni chombo cha afya, na aliyeubuni hakuwa na ugomvi na dini ya mtu.

Lakini desturi hiyo, ikikutana na mtoto wa Kalasinga, hugeuka. Mara nyingi huwa hivi. Fomu ya kujiunga inasema nywele zikatwe. Mzazi anakwenda kumwona mwalimu mkuu, anaeleza, anasikilizwa kwa heshima, anaambiwa "hakuna shida, mlete". Mtoto anaanza. Wiki ya tatu mwalimu wa zamu ni mwingine, hana taarifa, na mtoto mwenye patka anatolewa mbele ya mstari. Anaulizwa kama ni msichana. Wenzake wanacheka. Anarudishwa nyumbani na kikaratasi. Baba anarudi kwa mwalimu mkuu, na mwalimu mkuu, ambaye naye anaogopa mdhibiti ubora, anashauri barua iandikwe wilayani. Barua inaandikwa. Wilaya inasema suala ni la wizara. Jibu linalorudi, likirudi, ni kwamba suala linafanyiwa kazi.

Mtoa mada ameliona jibu hilo kwenye majalada mengi kuliko angependa kusema mbele ya wageni waalikwa. Kwa heshima zote kwa mamlaka husika, hakuna popote katika majalada hayo mtu aliyesema mtoto anyolewe. Hakuna pia aliyesema aachwe. Kati ya kimya hizo mbili, mwenye mamlaka ya kweli anabaki kuwa mwalimu wa zamu mwenye mashine ya kunyolea.

Familia huamua nini? Zenye fedha humhamishia mtoto shule ya binafsi, ambako wakati mwingine masharti ni yale yale ila yamechapwa kwenye karatasi nzuri. Nyingine humpeleka bweni Nairobi, au mama huhamia Dar es Salaam na watoto, baba akabaki Geita na malori yake na simu ya video. Nyingine hunyoa. Huwa Jumapili usiku, bila sherehe, na dadi akijua humlaumu mkwewe, si shule. Kwa ofisa ustawi anayehesabu migogoro ya ndoa, hapo pana jalada jingine ambalo halikuandikwa "nywele" juu yake.

Wapo wanaouliza: mbona baba yake akienda mgodini anavaa kofia ngumu? Anavaa. Uingereza iliwasamehe Kalasinga wenye vilemba kuvaa kofia ngumu kwenye maeneo ya ujenzi mwaka 1989, lakini chini ya ardhi jiwe halisomi sheria, na baba wengi hufunga kitambaa chembamba kisha kofia juu. Hakuna aliyemnyoa. Usalama umetimizwa na nywele zipo. Hilo ndilo ambalo mgodi umeweza na shule haijaweza.

Dunia imekwishapita njia hii. Birmingham, ambako Kalasinga wengi wa Afrika Mashariki walihamia, mwalimu mkuu wa shule moja ya binafsi alimkatalia mtoto Gurinder Singh Mandla kuingia na kilemba. Kesi ilifika Baraza la Malodi, na Machi 1983 familia ikashinda. Kalasinga wakatambuliwa kuwa kundi linalolindwa na sheria ya ubaguzi wa rangi. Mwaka 2006 Mahakama ya Juu ya Kanada, katika kesi ya Multani, iliruhusu hata kirpani shuleni, mradi imefungwa na kushonewa ndani ya nguo. Ufaransa ilikwenda upande wa pili: sheria ya 2004 iliondoa alama za wazi za dini katika shule za umma, vilemba vikiwemo. Watanzania hatukuchagua njia ya Ufaransa. Hijabu imo madarasani mwetu kila siku, rangi ya sare, na hakuna paa lililoanguka.

Karibu zaidi, Nairobi, msichana wa kidato cha kwanza wa imani ya Rastafari alirudishwa nyumbani mwaka 2019 kwa sababu ya nywele alizokuwa amezifunika kwa kilemba. Mahakama Kuu ikaamua mwaka huo huo kwamba shule ilikosea. Malawi ilifika uamuzi wa namna hiyo mwaka 2023, baada ya familia kusubiri miaka. Hata hivyo mahakama si mkeka wa kulalia. Kenya hiyo hiyo, uamuzi wa Mahakama ya Rufaa wa 2016 ulioruhusu hijabu katika shule ya Kimethodisti ulitenguliwa na Mahakama ya Juu mwaka 2019 kwa sababu za utaratibu. Mtoto aliyeanza kesi akiwa darasa la nne anaweza kuimaliza akiwa na ndevu.

Mapendekezo

Utoke waraka mmoja, wa ukurasa mmoja, unaosema kwamba mwanafunzi ambaye dini ya familia yake inakataza kukata nywele ataruhusiwa kuzifunga na kuzifunika kwa kitambaa cha rangi ya sare. Katiba, ibara ya 19, imetoa uhuru wa dini, na Mkataba wa Haki za Mtoto, ambao nchi iliridhia mwaka 1991, unasema hivyo kwa mtoto pia. Waraka hautaanzisha haki mpya. Utamwondolea mwalimu wa zamu mzigo ambao hakuuomba.

Waraka usiwataje Kalasinga peke yao. Watakaofuata wapo.

Afya ibaki. Mzazi akubali mtoto akaguliwe na muuguzi wa zahanati kila muhula, faraghani, si mstarini. Nywele zinazochanwa mara mbili kwa siku zina nafasi ndogo ya kuficha chawa, lakini ukaguzi ufanyike, ili asiwepo wa kusema amependelewa.

Mwalimu mkuu anayekubali kwa mdomo aandike. Imekwishasemwa hapo juu na inasemwa tena: ahadi ya mdomo hudumu hadi zamu inayofuata. Barua yenye mhuri ikae kwenye jalada la mtoto, nakala kwa mwalimu wa nidhamu na kwa mwalimu wa darasa.

Bangili ya chuma isihesabiwe urembo. Wakati wa michezo ifunikwe kwa kitambaa. Kuhusu kirpani, watoto wengi wa msingi hawajaingia Khalsa, na kwa wachache watakaofika hapo wakiwa sekondari, shule na gurudwara wakae mapema. Mfano wa Kanada upo.

Wazazi nao wana sehemu yao. Waende shuleni kabla ya muhula, si baada ya kikaratasi. Wamfundishe mtoto kujibu maswali ya wenzake kwa maneno yake mwenyewe. Wawaalike walimu gurudwara siku ya Vaisakhi, Aprili, wale langari. Mwalimu aliyekwisha kula sakafuni na familia huuliza maswali tofauti mstarini. Na anayeamua kumnyoa mwanawe kwa hiari yake aachwe, bila kusemwa na wazee wa Mwanza.

Kampuni za migodi na wakandarasi wao, wanaopenda kujenga madarasa na kupiga picha, waulizwe watoto wa mafundi wao wanasoma wapi na kwa nini mbali.

Mwisho kuhusu ratiba, kwa sababu waraka, barua na ukaguzi vyote vitategemea hili. Fomu za kujiunga za Januari hupelekwa kupigwa chapa miezi kadhaa kabla. Sentensi ya nywele iongezewe maneno "isipokuwa kwa kibali cha maandishi cha mwalimu mkuu" kabla fomu hazijaenda kiwandani. Kwa hilo hahitajiki waziri. Anahitajika mwalimu mkuu mmoja mwenye kalamu, na leo ukumbini wapo wengi.