Sanamu Zinazooteshwa: Kuvu, Sanaa na Deni Letu kwa Ardhi



Jioni hii nina hoja moja. Msanii anayeunda sanamu kwa kuvu hawezi kulikwepa swali ambalo uchongaji umeliacha kando kwa muda mrefu: malighafi ya sanamu imetoka wapi, na itaishia wapi?

Tuanze na kiumbe chenyewe. Uyoga tunaouona ni sehemu ya uzazi tu. Mwili wa kuvu ni nyuzi nyembamba zinazotanda udongoni na ndani ya magogo, zikiozesha mimea iliyokufa na kurudisha rutuba ardhini. Kuvu wengine huishi na mizizi: mti hutoa sukari, kuvu huleta maji na fosforasi. Vichuguu vyetu navyo vimehifadhi kilimo kikongwe kuliko cha binadamu. Mchwa huwalisha kuvu mimea mikavu, kisha hula kinachostawi. Mvua zinaponyesha, uyoga huchomoza kichuguuni, nasi tunapata kitoweo.

Wasanii wameingia katika uhusiano huu. Mwaka 2009, Philip Ross wa Marekani alionyesha mjini Düsseldorf, Ujerumani, kibanda cha chai cha matofali ya kuvu. Mwaka 2014, David Benjamin na ofisi yake, The Living, walisimamisha mnara uitwao Hy-Fi katika ua wa jumba la sanaa la MoMA PS1, New York. Ulipanda takriban mita 12, kwa matofali yapatayo 10,000. Mabua ya mahindi yaliyokatwakatwa yalichanganywa na kuvu na kujazwa katika kalibu. Kwa siku chache nyuzi zikayala mabua na kuyashikamanisha yakawa tofali jepesi. Maonyesho yalipokwisha, mnara ukabomolewa na matofali yakageuzwa mboji.

Wapo watakaouliza: sanamu isiyodumu ina thamani gani? Swali hili ni la haki, hasa katika nchi ya wachongaji wa Kimakonde. Wao hupenda mpingo kwa kuwa kiini chake ni kigumu na hakiozi upesi. Lakini mpingo huchukua miongo mingi kukomaa, na kila gogo linalokatwa ni deni kwa msitu. Kudumu kwa sanamu kunalipiwa na msitu huo. Sanamu ya kuvu hulilipa deni lake yenyewe, kwa sababu kuoza kwake ni sehemu ya kazi.

Hata hivyo, stadi hizi mbili si maadui. Mchongaji hodari wa sanamu za Kimakonde za mashetani huufuata mti unakopinda. Msanii wa kuvu huufuata uhai: hupima unyevu na joto, huchemsha malighafi kwa mvuke, hulinda usafi. Akizembea, ukungu mwingine huvamia kazi. Wote wawili wanajua kwamba umbo halitoki kichwani mwa msanii peke yake.

Kwa hiyo naomba vyuo vyetu vifanye jambo moja. Mwanafunzi wa uchongaji asome pamoja na wa kilimo na wa biolojia, wakitumia mabua, pumba za mpunga na mabaki ya mkonge tunayoyachoma au kuyatupa. Kisha, tunapoitahini sanamu, tusiishie kwenye umbo na ufundi. Tumuulize mwanafunzi ameazima nini ardhini, na atakirudishaje.