Winchi ya Pikapu: Inunue kwa Hesabu, Itumie Watu Wakiwa Mbali

Haya ni maneno ya afisa wa habari wa kaunti aliyoyazungumza na wenye pikapu, madereva na wakazi wa wadi ya Kiogoro.

 

Kisii ni nchi ya milima na mabonde. Hupata zaidi ya milimita 1,500 za mvua kwa mwaka, na miezi ya Machi hadi Mei huwa mizito zaidi. Udongo mwekundu unaotupa ndizi, chai na parachichi ndio huo huo unaoteleza kama sabuni mvua ikinyesha. Ukitoka kwenye lami kuteremka kijijini, pikapu hukwama. Ikikwama na majani chai, majani huungua kwenye gunia kabla ya kufika kiwandani. Ikikwama na mama mjamzito anayepelekwa hospitali, hapo hatuhesabu tena hasara ya shilingi.

Ndiyo maana wengi sasa wanauliza kuhusu winchi, ile mashine ya kufungwa mbele ya gari, yenye waya na ndoano ya kujivutia. Wengine wameiona kwenye picha za Rhino Charge, mashindano ya magari porini yaliyoanza hapa Kenya mwaka 1989. Mimi ni mwandishi wa habari, si fundi. Nimeyakusanya haya kwa mafundi na kwenye miongozo ya watengenezaji ili mwananchi asinunue kwa kukisia, na asiumie baada ya kununua.

Tuanze na kununua. Swali la kwanza lisiwe bei. Uliza gari lako lina uzito gani likiwa limepakiwa. Pikapu ya tani moja ikiwa tupu huwa na kilo 1,900 hivi. Ongeza mzigo wa kilo 1,000, upate 2,900. Kanuni inayotumika kote duniani ni kuzidisha uzito huo kwa moja na nusu. Hapo unapata kilo 4,350.

Winchi nyingi huandikwa nguvu zake kwa ratili, kwa herufi lb. Winchi ya ratili 9,500 huvuta kilo 4,300 hivi, kwa hiyo inapungua kidogo. Ya ratili 10,000 huvuta kilo 4,530, inatosha. Ya ratili 12,000 huvuta kilo 5,440. Na kwa kuwa tunajua ndizi zetu hupakiwa hadi zikapita kabini, mwenye tabia hiyo afikirie hiyo ya tatu. La afadhali zaidi ni apunguze mzigo.

Lakini nguvu iliyoandikwa ni ya mkunjo wa kwanza tu wa waya kwenye ngoma, yaani lile duara ambalo waya hujizungushia. Kila mkunjo unaopanda juu ya mwingine hupunguza nguvu. Waya ukiwa umejaa mikunjo minne, karibu theluthi moja ya nguvu imepotea. Kwa hiyo toa waya mwingi kabla ya kuvuta, ila usiumalize. Acha angalau mizunguko mitano kwenye ngoma, maana hiyo ndiyo inayoushikilia waya usichomoke.

Pili, angalia betri. Winchi ya umeme ya volti 12 ikivuta kwa nguvu zake zote hula umeme wa ampia 400 hivi. Betri iliyochoka haitafika mwisho. Injini iwe inanguruma wakati wote wa kuvuta. Vuta kwa muda mfupi, kisha pumzisha. Ukiishika mota ikawa moto sana, subiri ipoe, hata kama kuna watu wanapiga honi nyuma yako.

Tatu, angalia mahali pa kuifunga. Winchi hufungwa kwenye chasi kwa bamba la chuma na bolti ngumu zenye alama 8.8 kichwani. Ikichomelewa kwenye bampa ya kawaida, winchi itaondoka na bampa na gari libaki kwenye matope. Wenye Probox mnielewe pia: gari hilo halina fremu ya chasi kama pikapu, kwa hiyo usimruhusu mtu akuchomelee winchi ya umeme mbele yake.

Kwa hao, na kwa yeyote ambaye mfuko haujaruhusu, kuna winchi ya mkono inayovuta kwa kusukuma wenzo mbele na nyuma. Haihitaji betri, na hubebwa ndani ya gari lolote. Zipo za tani 1.6 na za tani 3.2. Wenye magari wa barabara moja wanaweza kuchanga kama chama, wakanunua moja, ikakaa kwa mtu anayeaminika karibu na pale mahali ambapo kila mwaka magari hukwama. Mahali hapo mnapajua nyinyi kuliko mimi.

Sasa tuje kwenye kuvuta. Kabla hujagusa winchi, chukua jembe. Matope yakifika katikati ya tairi, nguvu inayohitajika hukaribia uzito mzima wa gari. Yakipanda juu ya tairi, huwa maradufu. Dakika kumi za kuchimba mbele ya magurudumu na kushusha magunia zinaweza kufanya kazi ambayo winchi ingeishindwa.

Kisha tafuta pa kufunga ndoano. Mti mkubwa ulio hai, mkaratusi au grivilea, unafaa. Zungushia mshipi mpana chini kabisa karibu na ardhi, usiufunge kwa waya mtupu maana waya huukata mti. Mwombe mwenye mti ruhusa kwanza. Usifunge kwenye mgomba: ule si mti, ni majani yaliyofungana, utang'oka mzima. Usifunge kwenye nguzo ya umeme hata siku moja. Ikianguka huleta waya wenye umeme juu ya watu walio kwenye maji. Kama hakuna mti, chimba shimo, zika tairi la akiba likiwa na mnyororo, shindilia udongo, uvute kutoka hapo. Ukiwa na kapi, pitisha waya kwenye kapi iliyofungwa kwenye mti na uurudishe kwenye gari lako. Kasi itapungua nusu, lakini nguvu itaongezeka karibu maradufu.

Ukivutwa na gari lingine, ndoano isifungwe kwenye kile kichwa cha duara cha kuburutia trela. Kikikatika huruka kama risasi. Tumia ndoano za kuvutia zilizofungwa kwenye chasi.

Wakazi wenzangu, sasa nafika kwenye jambo lililonileta hapa. Gari likikwama Kiogoro, hatukai ndani. Watu hutoka kila boma. Vijana hushuka kwenye pikipiki, watoto hukimbia kutazama, na akina mama husimama ukingoni kutoa shauri. Huo ni utu wetu na hatutaki upotee. Tumelelewa kwa harambee, neno ambalo lilikuwa mwito wa watu wanaovuta mzigo mzito pamoja kabla ya Mzee Jomo Kenyatta kulifanya wito wa taifa mwaka 1963.

Lakini harambee ni ya kamba inayovutwa na mikono. Waya wa winchi una nguvu za tani nne. Ukikatika, au mti ukang'oka, waya huo hurudi kwa kasi ambayo jicho haliioni, na hukata chochote ulichokutana nacho. Matope yanatuharibia siku. Waya uliokatika unaweza kuondoa mguu, jicho au uhai.

Kwa hiyo mtu mmoja peke yake ndiye anayetoa ishara, na dereva anamsikiliza huyo tu. Wengine wote wasimame mbali kuliko urefu wa waya uliotolewa, mara moja na nusu. Waya ukiwa na mita 20, watu wawe mita 30. Asiwepo wa kuruka waya, wala wa kuushika ukiwa umekaza. Katikati ya waya tandika koti zito au gunia lenye udongo, ili ukikatika uanguke chini badala ya kuruka. Anayeshika ndoano avae glavu za ngozi, na waya ukikaribia kuisha aondoe vidole, kwa maana ngoma haijui kidole.

Kamba ya sintetiki ni nyepesi na ikikatika hairuki kwa ukali wa waya, lakini jua na mchanga huila. Waya wa chuma huvumilia mawe yetu, ila ukiona nyuzi zimeanza kuchomoka, ubadilishe. Usiufunge fundo uendelee nao.

Jambo la mwisho kwa wachimba visima na vyoo. Winchi ya gari haikuundwa kuinua mtu. Breki yake si ya kazi hiyo. Mtu akiwa shimoni, ita waokoaji. Usimteremshe wala kumpandisha kwa winchi ya pikapu.

Mkimaliza kuvuta, fukieni shimo mlilochimba na muufungue mtaro ulioziba. Kalvati ikiwa imevunjika, pelekeni habari kwa ofisi ya msimamizi wa wadi, mseme ni barabara gani na ni karibu na boma gani, ili irekebishwe kabla ya mvua inayofuata.

Mwenye pikapu, siku ya kuinunua winchi hiyo, waite jirani zako waione ikiwa imelala. Waonyeshe ni wapi watasimama siku itakapofanya kazi. Mtoto akifundishwa kiangazi kwamba waya ukikaza anakimbia kwenda nyuma, masika hatahitaji kupigiwa kelele.